Paa la Sake: nani achange, na kwa ajili ya nani?

Mtu akisimama leo katika soko la Sake kuomba faranga za kutengeneza jumba la michezo ya kuigiza, hatamaliza maneno yake kabla ya kuulizwa: anayelala katika nyumba isiyo na bati atachangaje jukwaa? Ana haki ya kuuliza. Mji huu uko kilomita 25 hivi magharibi ya Goma, pale barabara ya Masisi inapoachana na ile ya Minova na Bukavu. Februari 2024 wakazi wake wengi waliukimbia vita vilipokaribia. Januari 2025 ukaingia mikononi mwa waasi wa M23. Kambi za pembeni mwa Goma zilipovunjwa mwezi uliofuata, wengi walirudi na kukuta nyumba zimebomolewa au zimeporwa.

Lakini anayeuliza hivyo amesahau Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22, na tarehe 27 gavana wa kijeshi, Constant Ndima, akaamuru sehemu kubwa ya Goma ihamwe, watu waelekezwe Sake. Katika saa chache mji mdogo ukapokea umati usio na mahali pa kulaza watoto. Watu walilala makanisani, madarasani na kandokando ya barabara, maji safi yakawa haba, na hofu ya kipindupindu ikafuata. Sake, kila paa pana litageuzwa kimbilio siku moja, mwenye jumba apende asipende.

Kwa hiyo hesabu ya mchango inabidi ianzie nyuma ya jumba. Kampeni za kukarabati kumbi za sanaa mara nyingi huuza vitu vinavyopendeza kwenye picha: pazia, taa, viti vipya. Hapa vinatangulia vyoo, tangi la kuvuna maji ya mvua, milango mipana na mabenchi yanayoweza kubebwa nje wakija watu wa kulala. Jukwaa lenyewe ni mbao na misumari, kazi ya seremala na vijana wawili.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito zaidi: sanaa ya Kivu haijawahi kungoja jengo. Ni kweli. Kwa miaka mingi shirika la Search for Common Ground, linalojulikana Congo pia kwa jina la Centre Lokole, limeendesha michezo shirikishi vijijini mwa mashariki. Waigizaji hufika, husikiliza ugomvi wa mahali, uwe wa shamba, wa ng'ombe walioharibu mimea au wa mkimbizi aliyerudi akakuta kiwanja chake kina mtu, kisha huuigiza mbele ya wenye ugomvi na kuwaita waingie wenyewe kubadili mwisho. Mchezo wa namna hiyo unapendeza uwanjani, kwa kuwa hata asiyekusudia kuutazama hunaswa akipita na gunia lake la maharagwe.

Tatizo ni kwamba mchezo ulioagizwa na mradi hufa na mradi. Mtafiti Chérie Rivers Ndaliko, katika kitabu chake Necessary Noise cha mwaka 2016, alieleza jinsi fedha za misaada zinavyoelekeza kinachoimbwa na kupigwa filamu Goma, mji ambako kituo cha utamaduni cha Yolé!Africa, cha Petna Ndaliko Katondolo, kimejitahidi kuwapa vijana nafasi ya kusema yao. Kikundi kisicho na pahali pa kufanyia mazoezi hungoja mwenye gari na bajeti. Kikundi chenye chumba kisichovuja, katika nchi ya mvua kama Masisi, kinaweza kuandaa kichekesho ambacho hakuna mfadhili aliyekiomba. Kwangu hiyo ndiyo hoja kubwa ya kutafuta paa, na inazidi ile ya heshima ya mji.

Katika Afrika Mashariki mfano unaokaribia zaidi ni wa Kamiriithu, kijiji cha Limuru nchini Kenya. Mwaka 1977 wanakijiji, wengi wao vibarua wa mashamba na wa viwandani, walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wenye nafasi zaidi ya 2,000. Vijana walipanga njiti za kiberiti chini kutafuta umbo la jengo, wakatengeneza kielelezo kidogo, kisha wakaingia kazini. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wazee wakawa wanawasahihisha waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii Kikuyu chao. Mchezo wao, Ngaahika Ndeenda, ulipoanza kuonyeshwa Oktoba 1977 ukumbi ulijaa. Novemba 16 serikali ikafuta kibali, na mwaka ulipokuwa ukiisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Machi 12, 1982, malori matatu ya polisi yakaja kuubomoa ukumbi.

Kamiriithu husimuliwa kama ushahidi kwamba wananchi wanaweza. Ni ushahidi pia kwamba jasho la wananchi si kinga. Waliojenga kwa mikono yao hawakuwa na chochote cha kuwazuia polisi. Sake, ambako mamlaka yamebadilika kwa mtutu wa bunduki, haina sababu ya kujidanganya kwamba zege litadumu. Ndiyo maana jengo la gharama kubwa lingekuwa kosa, hata kama mfadhili angelitoa bure.

Na wafadhili wapo. Ukumbi wa chuo cha sanaa Bagamoyo uliungua mwaka 2002, ukajengwa upya kwa msaada wa nje. Kenya National Theatre, uliofunguliwa mwaka 1952, ulikarabatiwa na kuzinduliwa tena Septemba 2015, kampuni ya bia ya EABL ikiwa imetoa fedha. Hakuna aibu kupokea. Ila mtoaji hupenda siku ya kukata utepe, na bati huanza kutoboka baada ya yeye kuondoka.

Kivu ina njia zake za kuchanga: likelemba, yaani upatu, vikundi vya AVEC ambamo akina mama wa soko huweka akiba kila wiki, na salongo, yaani kazi ya pamoja, japo neno hilo bado linanuka kazi ya lazima ya enzi za Mobutu. Amani Festival ya Goma, iliyofanyika kwa mara ya kwanza Februari 2014 baada ya kuahirishwa kwa sababu ya vita, ilionyesha kwamba watu watalipa dola 1 kusikiliza muziki. Kigumu ni kuweka fedha. Mwishoni mwa Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango, na kutoa pesa kwenye simu kuna makato yanayouma. Basi ichangwe mali badala ya noti: mbao, mabati, mawe ya volkano, siku za fundi. Bati halikatwi kamisheni.

Linalobaki ni ardhi, nalo litaleta maneno. Sheria ya Julai 1973 inasema ardhi ya Congo ni ya serikali. Katika usultani wa Bahunde, ulio na Sake ndani yake, mwami, mtawala wa jadi, naye ana sauti, na mara nyingi ukumbi mpana ni wa parokia au wa shule. Njia nyepesi ni kuanza na ukumbi ulioko tayari, kwa maandishi yanayotaja siku ambazo kikundi kitautumia, nani anashika ufunguo, na nani atanunua bati mwaka wa tatu. Padri au mkuu wa shule akikataa kutia sahihi, mchango ununue turubai, ngoma na mabenchi, na visajiliwe kwa jina la kikundi.