Tusiseme Hakuwa na Kazi

Wahenga wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Neno hili tumelikumbuka wiki hii kwa sababu ya msiba wa mama mmoja mkongwe wa Jambiani, Mkoa wa Kusini Unguja, aliyeacha watoto saba, wajukuu wengi na vitukuu. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa jamaa zake wamependa msiba wao ubaki wa nyumbani. Lakini maisha yake yanafaa kuelezwa, maana ni maisha ya akina mama wengi wa visiwa hivi, nayo yana funzo kwa wananchi na kwa viongozi.

Marehemu alizaliwa wakati ambapo kuzaliwa kwa mtoto wa kike shamba hakukuandikwa popote ila katika kumbukumbu za wazee. Alifundishwa sura chache za Kurani na kazi ya mikono. Makumbi aliyafukia katika tope la pwani, akayaacha miezi mingi hata yakaoza, kisha akayafukua, akayaponda na kusokota kamba. Mume wake, aliyekuwa mvuvi, alipofariki, kamba zile ndizo zilizonunua unga na mafuta ya taa. Hakuna mtoto wake aliyelala na njaa kwa sababu ya uvivu wa mama.

Tarehe 23 Septemba 1964, Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo. Tangazo lile lilifungua milango ya skuli, lakini lilihitaji mzazi wa kumwamsha mtoto alfajiri, kumfulia nguo yake moja na kukubali kupungukiwa na mikono ya kumsaidia nyumbani na pwani. Mama huyu, ambaye mwenyewe hakujua kusoma hati za Kirumi, aliwapeleka watoto wake wote, wa kike kwa wa kiume. Wapo walioshangaa na kumuuliza binti atakwenda kusoma nini. Jibu lake lilikuwa kwamba hataki binti yake aje kuwekewa dole gumba kwenye karatasi asiyoijua. Leo mmoja wa mabinti hao ni mwalimu mstaafu, na mwingine amewahudumia wazazi katika wodi kwa miaka mingi. Serikali ilijenga madarasa, na akina mama kama huyu ndio walioyajaza.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza katika pwani ya mashariki, katika vijiji vya Paje na Jambiani, naye alikuwa miongoni mwa walioteremka. Maji ya bamvua yalipokupwa, alikwenda na wenzake kufunga mbegu kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vijiti, mgongo umeinama na jua la utosi. Kwa wengi wao, hizo zilikuwa fedha za kwanza kuzishika kwa jina lao wenyewe. Fedha zile hazikuwa nyingi, na bei ilipangwa mbali na pwani. Baadaye joto la bahari likaanza kuua ule mwani wa bei nzuri. Hata hivyo, daftari, viatu na sare za wajukuu zilitoka humo.

Sasa tutazame malipo ya jamii kwa mtu wa namna hii. Mwezi wa Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii, ikaanza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kumtaka awe amewahi kuajiriwa au kuchangia mfuko wowote. Huo ulikuwa uamuzi wa haki, na tunausifu. Lakini marehemu alipokwenda kujiandikisha, alitakiwa athibitishe umri wake kwa karatasi ambayo haikupata kuandikwa. Alikwenda na kurudi mara kadhaa, kwa gari na kwa miguu, mpaka wazee wenzake walipomtolea ushahidi. Na alipofariki, karatasi nyingine ilikuwa na nafasi ya kujaza kazi ya marehemu. Yaliandikwa humo maneno mawili: hana kazi.

Hatusemi kwamba ofisi isiulize. Fedha za umma ni amana, na mtumishi asiyehakiki anafungua mlango wa udanganyifu. Tunalosema ni kwamba mzee asiadhibiwe kwa kosa la zama ambazo hazikumhesabu. Sheha anawajua watu wa shehia yake, na wazee wa kijiji wanajua nani alizaliwa kabla ya nani. Basi ushahidi huo na uchukuliwe kijijini, kwa siku iliyotangazwa, mtumishi amfuate mzee na si mzee kumfuata mtumishi. Kijana mwenye miguu ya kutembea ndiye anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Tunaomba pia wanaojaza karatasi zetu waandike ukweli. Msokota kamba ni msokota kamba, na mkulima wa mwani ni mkulima. Hili si suala la kumfurahisha maiti. Serikali hupanga mipango yake kwa hesabu, na kazi isiyoandikwa haipangiwi zana, mafunzo wala bima. Ikiwa maelfu ya akina mama wanaoinama pwani wataandikwa kuwa hawana kazi, tusistaajabu bajeti ikiwapita.

Na sisi watoto na wajukuu tuna wajibu wetu. Si uungwana kumpikia mama hitima ya ng'ombe ilhali alipokuwa hai tulishindwa kumpelekea kibaba cha mchele au kumsindikiza hospitali. Dini imetufunza kuwa radhi ya mzazi hutafutwa angali anapumua. Walimu nao wawatume wanafunzi wakae na bibi zao, wawaulize na waandike, kwani mengi ya historia ya visiwa hivi yangali vichwani mwa wazee hao, na kila mwezi tunazika sehemu yake.

Tunawapa pole wafiwa na wananchi wa Jambiani. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, na atujaalie kuwatendea haki wale waliobaki.