Gharama ya Kulijaza Podo

Nimesikia watu wakinung'unika kwamba risasi zimekuwa ghali na adimu. Mzee wa Kitui au Makueni angecheka. Yeye alilijaza podo lake mwenyewe, na gharama ilimwuma vilevile.

Kilichokuwa ghali katika mshale si ufito wala chuma, maana msumari mkubwa ulifuliwa ukawa chembe. Ghali ilikuwa sumu. Mti uitwao kivai huchemshwa saa nyingi, na kuni zake si haba, hata ibaki kitu kama lami nyeusi. Sumu iliyosifiwa sana ni ya Wagiriama, nayo ilinunuliwa. Ikikaushwa na jua hupungua nguvu. Kwa hiyo chembe huviringishwa ngozi laini.

Basi wazee waliweka akiba hivi: chembe chenye sumu hakikufungwa kabisa katika ufito. Mnyama akikimbia nacho, ufito huanguka, ukaokotwa na kutiwa chembe kingine.

Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Lakini mkulima apakanaye na Tsavo, tembo wakila mahindi yake, bado hulitazama podo la babu yake. Sheria ya mwaka 2013 yampa haki ya kudai fidia. Fidia huchelewa, na tembo hurudi kesho yake.