"Nesi, mbona nilimshika vizuri?" (Sehemu ya 6)

Niliahidi kuongea kuhusu watoto na barabara. Naanza na sentensi ninayoisikia sana kwa wanaoletewa majeruhi: "Nesi, mbona nilimshika vizuri?"

Mama anasema hivyo mikono bado inatetemeka. Alikaa kiti cha mbele, mtoto kampakata, gari likagonga, mtoto akamponyoka. Yeye anajilaumu, na ndugu wanamwambia ni mipango ya Mungu. Mungu yupo, sibishi. Ila ajali nayo ina hesabu zake, na wapo watu walioifanya hesabu hiyo kuwa kazi ya maisha yao.

Tuifanye kidogo. Gari liko kilomita 50 kwa saa, linagonga na kusimama ndani ya nusu mita. Kwa kufumba na kufumbua, mtoto wa kilo 10 anavutwa mbele kama mzigo wa kilo 200. Yaani magunia mawili ya mchele ya kilo mia mia. Nenda Kariakoo uwaangalie wapagazi wetu na vifua vyao: nani kati yao atadaka magunia mawili yaliyorushwa? Basi mama, usijilaumu kwamba hukumshika. Hakuna mikono inayoweza. Lakini ukishajua, usirudie.

Kuna wahandisi ambao kazi yao ni kupima alama za breki barabarani, bati lilivyobonyea na mifupa ilivyovunjika, kisha waseme nani alipigwa na nini, na kwa nguvu gani. Mmoja wa waliofungua njia hiyo ni Mmarekani Hugh DeHaven. Mwaka 1917, akiwa mafunzoni urubani, ndege yake iligongana na nyingine angani. Alipona, ila aliumia vibaya tumboni. Watu waliona bahati, yeye akauliza: kwa nini nimeumia hapa na si pale? Akakishuku chuma cha mkanda wake mwenyewe. Baadaye akawachunguza watu walioanguka kutoka juu sana na wakapona, na mwaka 1942 akaandika alichokiona: mwili unavumilia mengi kama pigo limesambaa sehemu kubwa na mwili haukusimama ghafla.

Si unajua mayai? Yakiwa kwenye trei yanatoka mikoani mpaka sokoni salama. Yaweke kwenye mfuko, hayafiki nyumbani. Mayai ni yale yale, tofauti ni yalivyobebwa.

Mkanda wa gari ndiyo trei yenyewe. Mhandisi wa Sweden, Nils Bohlin, aliutengeneza huu wa kupita begani na kiunoni akiwa Volvo mwaka 1959, ili pigo libebwe na mifupa migumu ya kifua na nyonga, si tumbo. Volvo wakaruhusu kampuni nyingine ziutumie. Na mtoto mchanga, kwa kuwa kichwa chake ni kizito na shingo bado laini, kiti chake kinatazama nyuma ili mgongo wote upokee pigo.

Sasa tufanye nini sisi?

Kwenye gari, mtoto akae nyuma, kwenye kiti chake. Kama kiti cha mtoto hakipo, bado akae nyuma, na kama ameshakuwa wa kukaa mwenyewe, afungwe mkanda wake peke yake. Usimfunge pamoja na wewe kwenye mkanda mmoja, maana gari likigonga uzito wako unamkandamiza yeye.

Kwenye boda, mtoto asikae mbele kwenye tangi, na mshikaki tuache. Mwenye kichanga mgongoni, hata kama una haraka, subiri daladala au mwendokasi.

Ukivuka Msimbazi au Uhuru, mshike mtoto kifundo cha mkono, vidole vinateleza. Bampa inayompiga mtu mzima mguuni, mtoto inampiga nyonga au kifua.

Lakini nisiwatwishe wamama peke yenu mzigo huu, na hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Tumezoea kumhubiria mama kila siku, barabara haihubiriwi. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na mwendo wa mtu anayefika chini baada ya kuanguka mita 10, ghorofa ya tatu. Kilomita 30 ni kama mita tatu na nusu. Kwa hiyo tuta moja mbele ya shule linamshusha mtoto wako karibu ghorofa mbili.

Na hapa Dar imeshafanyika. Shirika la Amend limeweka njia za waenda kwa miguu, matuta na vivuko kuzunguka shule za msingi, na watoto wanaoumia wakapungua. Mpango huo, SARSAI, ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI mwaka 2019. Hakuna miujiza pale, ni zege, rangi na watu waliokwenda kupima.

Kwa hiyo kikao kijacho cha wazazi shuleni, au mkutano wa mtaa, usiulize tu dereva alikuwa nani. Uliza: tuta liko wapi? Kivuko kiko wapi? Nani amekuja kupima hapa? Ukiuliza peke yako utaonekana msumbufu. Tukiuliza kumi, wataandika kwenye mhtasari.

Mtumie huyu dada yako anayempakata mtoto kiti cha mbele. Usimgombeze, mwambie tu kuhusu magunia mawili.

Nesi wenu.