Dagaa hawajui siku ya gulio: panga safari yako kwa mwezi, kisha lisikilize ziwa

Swali ninaloulizwa sana siku hizi nikipita vijijini halihusu mbolea wala viuatilifu vya pamba. Ni hili: "Mtaalamu, niende lini Lamadi kuchukua dagaa?" Na nikimuuliza mtu huyo yeye mwenyewe alipanga kwenda lini, majibu ni mawili tu. Wa kwanza anakwenda siku aliyopata pesa. Wa pili anakwenda siku mbili kabla ya gulio la kijijini kwake. Kwa maoni yangu wote wawili wanaanzia mahali pasipo sahihi, na wengi wao mtaji unawakatikia hapo.

Busega ndiyo wilaya pekee ya mkoa wetu wa Simiyu inayogusa Ziwa Victoria. Kutoka Bariadi mjini mpaka Lamadi ni kilomita 70 na kidogo za lami, kwa hiyo safari inaonekana nyepesi: unaamka, unapanda gari, jioni umerudi na magunia. Wepesi huo ndio unaotudanganya. Barabara ipo kila siku, lakini dagaa hawapo kila siku.

Mchana dagaa hukaa chini, karibu na sakafu ya ziwa. Usiku hupanda juu kutafuta vijidudu vidogo vya majini, ambavyo ndivyo chakula chake. Mvuvi anawasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za sola, vijidudu na dagaa wanakusanyika chini ya mwanga, kisha wavu unawazunguka. Nguvu ya taa ile inatokana na giza lililo pembeni yake. Mbalamwezi ikishaenea ziwa zima, taa inakuwa kama kibatari ulichokiwasha uani saa sita mchana. Dagaa wanatawanyika, mvuvi anarudi na kidogo kisicholipa betri, mafuta ya injini na posho ya vijana. Ndiyo maana siku za mwezi mpevu mialo mingi hupoa. Wavuvi wanashona nyavu, wengine wanakwenda nyumbani kwao kusalimia.

Sasa fikiria mfanyabiashara aliyetoka Itilima au Meatu anafika siku hizo. Anakuta gunia chache na wanunuzi wengi wanaozigombea. Anachouziwa mara nyingi ni mabaki ya giza lililopita, pengine yaliyolala ghalani na kuvuta unyevu, pengine yale yaliyonyeshewa yakaanikwa upya. Analipa bei ya juu kwa mzigo wa chini. Akirudi kijijini, wateja wanamnunia kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu.

Kuhesabu mwezi si kazi ngumu. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu hivi, na kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Siku ya mwezi mpevu, huku kwetu huchomoza jua linapozama, yaani karibu saa 1 kasoro robo jioni, na ukaangaza usiku kucha. Siku tatu baadaye unachomoza baada ya saa 3 usiku, kwa hiyo mvuvi ana nafasi ya giza kati ya magharibi na saa hiyo. Wiki moja baada ya mpevu unachomoza karibu saa 7 usiku, na hapo nusu nzima ya kwanza ya usiku ni yake. Upande wa mwezi unaokua ni kinyume: mwezi wa nusu huzama karibu saa 7 usiku, giza linabaki kuelekea alfajiri. Kwa hiyo usifikiri kwamba nusu ya mwezi ni kazi na nusu ni likizo. Usiku mbaya hasa ni ule wa siku kama tatu kabla ya mpevu mpaka siku tatu baada yake.

Kama huna kalenda inayoonyesha mwezi, muulize jirani yako Mwislamu leo ni tarehe ngapi ya mwezi mwandamo. Akikwambia kati ya 11 na 18, tulia nyumbani palilia mahindi. Akikwambia kuanzia 24 hivi mpaka mwezi mpya ufike tarehe 6, hizo ndizo siku zako. Mimi napendelea katikati ya giza kuliko mwanzo wake, kwa sababu dagaa waliovuliwa siku za mwanzo wanakuwa wameshakauka na mwalo una mzigo wa kuchagua.

Kuna jambo moja ambalo sijaona wafanyabiashara wetu wakilifanyia kazi, nalo ni Pasaka. Wateja wengi hawali nyama Ijumaa Kuu, kwa hiyo wiki hiyo samaki na dagaa wanatafutwa sana. Lakini Pasaka yenyewe huhesabiwa kwa mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu. Maana yake ni kwamba Ijumaa Kuu huangukia karibu na mwezi mpevu mwaka hadi mwaka. Mwaka 2025 mwezi ulijaa tarehe 13 Aprili na Ijumaa Kuu ikawa tarehe 18. Mwaka 2026 mwezi mpevu ni 2 Aprili na Ijumaa Kuu ni kesho yake. Kwa hiyo wiki ambayo kijiji kizima kinataka dagaa ndiyo ambayo ziwa linatoa kidogo. Mwenye akili ya biashara ananunua giza la kabla yake, ambalo kwa 2026 ni siku za kuzunguka tarehe 19 Machi, anahifadhi mahali pakavu na kusubiri. Ukisubiri Jumatano ya wiki kuu ndipo upande gari, utawakuta wenzako wote pale.

Wapo watakaonipinga. Kwanza watasema taa za sasa zina mwanga mkali, wavuvi wanatoka hata mbalamwezi. Ni kweli wapo wanaotoka, hasa wale wenye madeni, na hasa zile saa za giza kabla mwezi haujachomoza. Lakini kuvua kidogo hakufanani na kujaza mwalo, na wewe mnunuzi wa gunia tatu unahitaji mwalo uliojaa ili uwe na sauti kwenye bei. Pili watasema, tukienda sote wakati wa giza si bei itapanda? Hata ikipanda kidogo, bado utachagua. Mbalamwezi huchagui, unapewa.

Majira nayo yana neno lake, na hapa ningependa tufikirie pamoja na kalenda ya pamba. Mvua zetu zinaanza mwishoni mwa mwaka na kwenda mpaka Aprili au Mei. Katika kipindi hicho hata giza likiwa zuri, anga halikaushi. Dagaa aliyenyeshewa akiwa mchangani anageuka rangi, anatoa harufu, na mwisho wake ni kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kuanzia Juni jua ni la uhakika, na ndipo pia pesa ya pamba inapoingia mifukoni. Kwa maoni yangu, familia au kikundi chenye nia ya kufanya biashara hii kwa dhati kitenge sehemu ya pesa ya pamba kwa ajili ya giza za kiangazi. Kwa mwaka 2026 mwezi unakuwa giza kabisa tarehe 15 Juni, 14 Julai, 12 Agosti na 11 Septemba. Safari nne za namna hiyo, kwa gari la kuchangia, nazipendelea kuliko safari kumi za kubahatisha.

Ukifika, tafuta dagaa walioanikwa kwenye chanja kama wapo, maana wa mchangani utawalipia na mchanga wao. Ingiza mkono mpaka chini ya gunia, usiridhike na wa juu. Dagaa mkavu ukimkunja anakatika, na rangi yake bado inang'aa kama fedha. Akiwa na wekundu au njano, muache.

Wale wenye malambo, na wale wanaovua kwa ndoano Jumapili, wameanza kuniletea simu zenye programu za kuonyesha "saa nzuri za samaki" kwa kufuata mwezi. Nyingi kati ya hizo zimetokana na nadharia ya Mmarekani mmoja, John Alden Knight, aliyoibuni mwaka 1926. Sikukatazi kuangalia, ila usiikope pesa kwa ajili yake. Habari ya dagaa ina sababu inayoonekana kwa macho, ambayo ni taa na giza. Lambo la ng'ombe lenye maji ya tope halina habari hiyo. Huko angalia mambo ya karibu: perege hula mchana, kambale (mumi, kwa wenzetu wa ziwani) hutembea zaidi usiku. Asubuhi baada ya usiku uliotulia na wenye mawingu, ukiona samaki wanahema juu ya maji, ujue hewa imepungua majini. Kama ni bwawa lako, usiwape chakula saa hiyo.

Na mvua za kwanza zikijaza Mto Simiyu na Duma, kambale na ningu wanapanda na mafuriko kwenda kutaga. Najua ni wakati rahisi kuwapata, hata mtoto anaweza. Lakini anayeziba mto kwa wavu siku hizo anakula mbegu aliyopaswa kupanda. Ningu zamani alikuwa samaki mkubwa wa biashara katika mito inayoingia Ziwa Victoria. Nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito wakati wa kupanda kwake zimechangia sana kumpunguza. Kijana wa leo ukimtajia ningu anakuuliza ni samaki gani. Wenzetu wa Ziwa Tanganyika walifika mahali pa kusimamisha uvuvi kabisa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapumue. Sisi tuanze na kuacha mito wazi.

Sasa nirudi ziwani, kwa sababu yote niliyosema kuhusu mwezi yana upande ambao mnunuzi wa Bariadi hauoni. Mvua yetu ya nchi kavu mara nyingi hunyesha alasiri. Ya ziwani tabia yake ni nyingine. Mchana nchi kavu hupata joto haraka na upepo hutoka ziwani kuja kwetu. Usiku nchi inapoa, maji yanabaki na joto, na upepo hutoka kila upande wa nchi kavu kwenda kukutana juu ya ziwa. Unapokutana hapo unapanda na kujenga mawingu ya radi. Hivyo dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huja kati ya usiku wa manane na asubuhi, saa zile zile ambazo mitumbwi ya dagaa iko mbali na nchi kavu. Wewe unaweza kulala Bariadi ukiwa umeona nyota, na mwenzako akawa katikati ya mawimbi.

Ongeza hili: giza lile linaloleta dagaa ndilo linalomficha mvuvi wingu. Usiku wa mbalamwezi ataliona likija. Usiku wa giza ataona radi tu kwa mbali, na wakati mwingine taa yake mwenyewe inamzuia kuona hata hiyo. Kwa hiyo usiku bora wa kuvua ndio usiku mbaya wa kuonywa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatoa utabiri kwa ajili ya Ziwa Victoria, na redio zinausoma. Wavuvi wengi wanausikia. Shida ni nani anayewaruhusu kuutii.

Hapa ndugu mfanyabiashara nakuhusisha wewe. Wengi wenu mnatanguliza pesa kwa mwenye mtumbwi ili mzigo ukitoka uwe wenu. Sina ubaya na utaratibu huo, umesaidia watu. Ubaya uko kwenye tarehe. Ukimwambia "tarehe 20 nataka gunia zangu nne", na giza limebakiza siku mbili, na utabiri unasema upepo mkali, umemwekea mtu chaguo kati ya deni na maji. Atawaambia vijana watoke. Wale vijana, ambao hawakuziona pesa zako, ndio watakaotoka, na mara nyingi bila maboya ya kuvaa.

Maoni yangu ni kwamba makubaliano yaandikwe kwa giza na si kwa tarehe. Mnakubaliana mzigo utoke katika giza fulani. Siku za dhoruba zikila nafasi hiyo, deni linasogea mpaka giza linalofuata bila riba na bila maneno. Andikeni mbele ya viongozi wa mwalo, yaani BMU, ili hata mwenye mtumbwi mjanja asitumie dhoruba ya uongo kukuzungusha, maana hao nao wapo. Na kabla ya kutanguliza hata shilingi, muulize kama vijana wake wana maboya. Kama hana, sehemu ya pesa yako inunue hayo kwanza.

Kisha kabla hujapanda gari, piga simu mwaloni. Usiulize kama dagaa wapo, maana hakuna muuzaji atakayekwambia hawapo. Uliza wiki hii wametoka mara ngapi, walirudi saa ngapi, na jana jua liliwaka mpaka jioni au lilifunikwa na mawingu. Ukiambiwa wametoka mara moja tu kwa sababu ya upepo, basi hata kalenda ikisema ni giza totoro, safari yako subiri siku tatu.