Anayetufukuza si Kompyuta

Ndugu wachoraji wa ramani,

Wenye maofisi wamepata wimbo mpya. Kila programu ya kuchorea inapoongezwa maarifa twaambiwa: "Sasa kompyuta yachora yenyewe, ninyi kumi wa nini? Wawili watosha." Sisi twasema maneno hayo ni ya hila.

Hatukatai kwamba mashine imeleta mageuzi. AutoCAD ilipotoka mwaka 1982, kazi ilikuwa bado ya ubao, rula ya T, kalamu ya wino na wembe wa kukwangulia makosa. Wale waliokuwa wakinakili ramani juu ya karatasi ya kuonyesha, kazi yao imekwisha kabisa, wala hakuna aliyewaaga. Kisha zikaja programu kama Revit, ya mwaka 2000: ukisogeza ukuta mmoja, ramani ya sakafu, sura ya mbele na mkato zote zasogea pamoja. Na sasa kuna akili bandia, inayopendekeza mpango wa vyumba kwa dakika chache. Wako ndugu wasemao tuzikatae zote. Twawaheshimu, lakini ubao haurudi.

Hata hivyo tazameni vizuri. Bomba la maji machafu likipita katikati ya boriti, kompyuta yaweza kupiga kelele, ikiwa bomba limetiwa humo. Lisipotiwa yanyamaza, na fundi huligundua akiwa na nyundo mkononi. Nani hulitia? Mchoraji. Nani ajuaye kwamba chuma hakiwezi kukunjwa vile kilivyochorwa? Mchoraji aliyekwenda kwenye mjengo akaulizana na mafundi. Kazi haikwisha. Imekuwa nzito zaidi, na mshahara umebaki ule ule wa mtu wa kupiga mistari.

Hapo ndipo penye ugomvi wetu. Ramani iliyokuwa ya juma zima sasa yatakiwa kesho asubuhi, lakini faida ya haraka hiyo hatujaiona katika bahasha zetu. Tena wengine wametolewa katika kazi ya mwezi, wakaambiwa waje na kompyuta zao wenyewe, walipwe kwa kila karatasi. Na programu zenyewe siku hizi zakodishwa tu: leseni mpya za kudumu za AutoCAD ziliacha kuuzwa mwaka 2016. Seremala naye huja na randa yake, ndiyo, lakini nani alipata kuona randa inayolipiwa kodi kila mwaka?

Jambo hili si geni. Huko Uingereza, mwaka 1976, wafanyakazi wa Lucas Aerospace, walipotishwa na kupunguzwa kazini, waliandika mpango wao wenyewe wa vitu vya manufaa ambavyo viwanda vyao vingeweza kutengeneza badala ya kufukuza watu. Mmoja wao, Mike Cooley, aliyepata kuwa rais wa chama cha wachoraji, alifundisha kwamba kompyuta yapasa kukuza ustadi wa mtu, isiuue. Wakubwa waliukataa mpango, naye akafukuzwa mwaka 1981. Barua ile haikuandikwa na kompyuta.

Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema wazi: mwajiri hawezi kupunguza wanachama wetu kabla ya kukiarifu chama na afisa wa kazi, si chini ya mwezi mmoja mbele, na kutoa sababu. Atazame nani alitangulia kuingia kazini, na ustadi wa kila mtu, na alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. "Programu mpya imefika" si ruhusa ya kuruka kifungu hicho. Na ushuru wa mafunzo ya ufundi, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, watozwa kwa nini, ikiwa mchoraji ajifunze usiku kwa fedha yake?

Twadai mafunzo ndani ya saa za kazi, vyombo vya mwajiri, na cheo na mshahara mpya vipatanwe kabla programu haijawashwa.

Mjumbe wa kila ofisi na aandike: programu gani imeletwa, lini, nani amefundishwa, nani ametolewa. Karatasi hizo ziifikie ofisi ya chama kabla ya mwisho wa mwezi huu.