Kigaeli kwa TV: Ganji iende kwa nani?

Cheki hii hesabu. Sensa ya Scotland ya 2022 ilipata wasee 69,701 wanaoongea Kigaeli. Wapeleke Kasarani, uwanja unajaa na wengine wanabaki nje. Lakini wana TV yao, BBC Alba, iliyoanza 2008, ikiendeshwa na BBC pamoja na MG Alba.

Matangazo ya biashara hayawezi kulisha stesheni ya watu wachache hivyo, so inategemea pesa ya umma. Hapo ndio ngori huanza: ukiagiza kipindi kimoja kikubwa, vingine vinakosa. Januari 2025 walitoa An t-Eilean, drama ya mauaji yenye sehemu 4. Ilikula doh mob, na maandishi ya Kiingereza yakawekwa chini ya skrini ndio hata wasiojua Kigaeli waingie box.

Poa, wageni wakipenda, lugha inapata jina. Lakini mgeni akizima TV, anarudi kwa Kiingereza chake. Mtoto wa kisiwa cha Lewis ndiye ataibeba Kigaeli kesho. Ukiniuliza, katuni zake zilipiwe kwanza, drama ifuate. Wewe je, ungeanza na nani?