Jaji Ahamishwe, Kesi Isianze Upya

Septemba 30, 2013, Jaji Francis Gikonyo wa Mahakama Kuu ya Bungoma alibatilisha kuchaguliwa kwa Seneta Moses Wetang'ula katika kesi iliyowasilishwa na Musikari Kombo. Mahakama ya Rufani iliunga mkono uamuzi huo, na Mahakama ya Juu pia. Jaji mwenyewe baadaye alifanya kazi Milimani, Meru, kisha Narok. Ndivyo yalivyo maisha ya jaji wa Kenya: barua ya uhamisho humkuta popote alipo. Mwenzake wa mahakama ya shirikisho kule Marekani huteuliwa kwa wilaya moja, na anaweza kuhudumu papo hapo maisha yake yote.

Sipingi uhamisho. Chukua Kitale kwa mfano: ni mji wa mashamba ambako watu wanajuana. Jaji akikaa mno ataketi harusini meza moja na wakili na mwenye shamba wanaomngoja kortini Jumatatu. Kinachoniuma ni kesi zinazoachwa njiani.

Kesi ya Wetang'ula haikukwama kwa sababu Katiba inaipa Mahakama Kuu miezi sita tu kuamua kesi za kupinga uchaguzi wa wabunge na maseneta. Kesi ya mauaji haikuwekewa muda kama huo. Jaji akiondoka kabla ya hukumu, kifungu cha 200 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamruhusu mshtakiwa kudai mashahidi waitwe tena. Ni haki ya maana, kwani anayeamua uhuru wa mtu anapaswa kumwona shahidi akijibu maswali, asitegemee maandishi matupu. Lakini mfikirie mama aliyetoka Kapsokwony alfajiri, akapanda matatu hadi Kimilili, akabadilisha gari kwenda Bungoma, akaeleza mbele ya umati jinsi mwanawe alivyokatwa panga. Miaka miwili baadaye polisi anampigia simu: jaji ni mpya, njoo useme tena. Sasa amesahau rangi ya shati la mshambuliaji, na wakili wa utetezi hatamwacha hapo. Shahidi mwingine keshakufa.

Mahakama itajibu kwamba majaji ni wachache, na ni kweli. Majaji 34 waliopendekezwa mwaka 2019, wengi wao wa mahakama za ardhi na za kazi, hawakuteuliwa na Rais Uhuru Kenyatta hadi Juni 2021, na wengine sita wakangoja hadi Septemba 2022. Lakini kama majaji ni haba, mbona tuwasikilizishe ushahidi uleule mara mbili?

Jaji Mkuu, anayepanga vituo, aamue kwamba jaji anayekaribia kuhamishwa hapangiwi kesi mpya za mauaji. Zilizobaki azifuate: arudi Bungoma au Kitale wiki moja kila baada ya miezi kadhaa hadi azimalize, na hukumu aisome kwa njia ya video, jambo ambalo mahakama zetu zimelizoea tangu korona. Nauli na malazi ya jaji mmoja ni gharama ndogo kuliko kumrudisha yule mama kizimbani.